Rola za masonara wa Lamu: je, zinaweza kutoa utepe wa shaba wenye fuwele zilizopangika?

Anayetaka bamba jembamba la shaba au la fedha kisiwani Lamu hana haja ya kuliagiza Mombasa. Karakana za masonara za mji wa kale, zile zile zinazofua pete za fedha zilizopachikwa vigae vya vyombo vya Kichina, zina rola za kuzungushwa kwa mkono, na fundi hukubali kupitisha kipande cha mteja kwa malipo ya kazi tu. Tathmini hii ni ya huduma hiyo katika karakana moja ya upande wa Langoni. Kwa mnunuzi wa vipuli na bangili, kazi yao haina wasiwasi: kingo safi, uso unaong'aa, unene unaotosheleza. Sisi tunaipima kwa kigezo kingine, kile cha watengenezaji wa nyaya za supakondakta, zinazopitisha umeme bila ukinzani: ndani ya utepe unaotoka pale, fuwele, yaani chembe ndogo ndogo zinazoijenga metali, zimeelekea wapi?

Jibu letu tunalitoa mapema, kwa kuwa walimu wa fizikia na wanafunzi wa uhandisi ndio watakaolihitaji zaidi. Kwa shaba nyekundu, karakana hii inaweza kutoa utepe mzuri kabisa wa kufundishia, mradi mteja aseme mapema masharti yake na fundi akubali kuacha baadhi ya mazoea ya usonara. Kwa fedha na kwa shaba ya manjano, haiwezekani hata fundi awe hodari namna gani. Hilo si kosa la mkono wake. Ni tabia ya metali zenyewe.

Kwanza, kwa nini mwelekeo wa fuwele uwe jambo kubwa. Supakondakta ni kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani kikishapozwa vya kutosha. Heike Kamerlingh Onnes aliliona jambo hili kwenye zebaki mwaka 1911, kwenye nyuzi 4.2 za Kelvini. Mwaka 1986 wanafizikia Bednorz na Müller wakafungua mlango wa supakondakta za kauri, na mwaka 1987 ikapatikana oksidi ya itriamu, bariamu na shaba, inayofanya kazi hadi karibu Kelvini 93. Nitrojeni ya maji huchemka kwenye Kelvini 77, yaani chini ya sifuri kwa nyuzi 196 za Selsiasi, kwa hiyo oksidi hii yaweza kupozwa kwa nitrojeni, ambayo ni rahisi kuliko heliamu.

Tatizo ni kwamba kauri hii ni fuwele tupu, na umeme ukitoka chembe moja kwenda nyingine hukuta mpaka. Mwaka 1988 watafiti wa kampuni ya IBM waliotesha tabaka la oksidi hiyo juu ya fuwele mbili zilizounganishwa kwa pembe maalumu walionyesha kwamba kadiri chembe mbili zinavyopishana mwelekeo, ndivyo mkondo unaoweza kuvuka unavyoporomoka. Digrii tatu nne zinavumilika. Zikifika kumi, sehemu kubwa ya mkondo imeshapotea. Haitoshi chembe zote zisimame wima. Watu wanaweza kusimama wote msikitini, lakini safu hazijawa safu mpaka kila mmoja aelekee kibla. Chembe zilizosimama wima tu huku kila moja ikitazama upande wake hazifai kitu hapa. Zinatakiwa zipangike wima na pia kwa mlalo.

Kauri haijipangi yenyewe kwa urefu wa kilomita. Huoteshwa juu ya utepe wa metali, nayo hufuata mpangilio inaoukuta chini yake. Ndipo usindikaji wa metali unapoingia. Maabara ya Oak Ridge, Tennessee, Marekani, ilitangaza mwaka 1996 njia ya kuupata mpangilio huo kwa rola na moto peke yake: nikeli ikandamizwe kwa rola hadi unene wake upungue kwa zaidi ya asilimia 95, kisha ipashwe joto, na fuwele mpya zinazozaliwa zitaelekea karibu zote upande mmoja, uso wa mchemraba wa atomi wa kila fuwele ukiwa sambamba na uso wa utepe na ukingo wa mchemraba ukifuata njia ya rola. Mpangilio huu huitwa wa mchemraba. Njia ya pili, ambayo kampuni ya Fujikura ya Japani ilikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, haijali fuwele za metali hata kidogo. Huchukua utepe wa Hastelloy, aloi ngumu ya nikeli, huusugua kwa umeme na asidi hadi uwe laini kupita kioo cha kawaida, kisha huweka juu yake tabaka jembamba mno la oksidi huku miali ya ayoni, yaani atomi zenye chaji ya umeme, ikililazimisha lipangike. Hiyo inataka mitambo ya ombwe. Njia ya rola na moto ndiyo inayogusa kazi ya sonara, kwa sababu rola na moto anavyo.

Sasa tuingie karakanani.

Mali ya kuanzia ndiyo inayoamua nusu ya kazi, na hapa ndipo wateja wengi wanapojikosesha. Fundi akiachiwa achague, atayeyusha mabaki ya waya, amimine kwenye kalibu, kisha aanze kurola. Kwa pete ni sawa. Kwa utepe wa fuwele ni mwanzo mbaya: metali iliyomiminwa huganda kuanzia ukutani kwenda katikati, na chembe hukua ndefu na nene kufuata njia ya joto linalotoka. Chembe nene za mwanzo hazivunjiki sawasawa chini ya rola, na mpangilio wa mwisho hutoka dhaifu wenye mabaka. Mabaki nayo huja na risasi na bati kutoka kwenye maungio ya zamani. Kiasi kidogo tu cha risasi kinatosha kupasua kingo.

Nunua badala yake ukanda wa shaba wa kuteremshia radi, ule wanaoufunga mafundi umeme kwenye minara. Ni shaba safi, umekwisha kukandamizwa kiwandani, chembe zake ni ndogo, na huuzwa kwa vipimo vinavyojulikana. Chagua upana wa milimita 50 na unene wa milimita 3. Upana wa milimita 25 ni mwepesi zaidi kwa mkono, lakini hautatosha kwa jaribio tutakalolieleza mbele. Kipande cha sentimita 5 kina uzito wa gramu 67 hivi, na kikifika unene wa milimita 0.1 kitakuwa na urefu wa takriban mita moja na nusu. Kabla ya kuanza, kingo zipigwe tupa na kuzungushwa kidogo. Mkwaruzo mmoja wa msumeno ukiachwa ukingoni hugeuka ufa kabla kazi haijafika nusu.

Hesabu ya upunguzaji haina siri: toa unene wa mwisho kwenye unene wa mwanzo, gawanya kwa unene wa mwanzo. Kutoka milimita 3 hadi 0.1 ni asilimia 96.7. Kutoka milimita 1 hadi 0.1 ni asilimia 90 tu, na kwa shaba asilimia 90 haitoshi kutoa mpangilio mkali. Kwa hiyo anayekwenda karakanani na bamba la milimita moja kwa kuwa "litamrahisishia fundi kazi" amejifungia mlango. Viwanda vya tepe za nikeli huvuka asilimia 98 na mara nyingi 99.

Rola ya karakana hii ni ya gia, mpini mmoja, na inafungua hadi milimita tano. Ni mashine nzuri. Gia zimetiwa grisi, miguu imefungwa kwenye gogo zito, na silinda zake hupanguswa kwa mafuta kila kazi inapokwisha, jambo ambalo kwenye hewa ya chumvi ya Lamu si la hiari. Kasoro tuliyoiona ni vidoa vya kutu upande mmoja wa silinda ya juu. Kila kidoa hujichapa kwenye utepe kila silinda inapozunguka. Kwa fundi ni jambo dogo kwa kuwa pete husuguliwa mwishoni, lakini tabaka la supakondakta lina unene wa takriban maikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, na shimo la maikroni kadhaa chini yake ni bonde. Mwombe fundi atumie upande safi wa silinda, naye hukubali bila ubishi.

Mizunguko ndiyo moyo wa kazi. Tunashauri kila mpito upunguze unene kwa asilimia 10 hivi ya unene uliopo wakati huo, si ya unene wa mwanzo. Kwa hesabu hiyo, kutoka milimita 3 hadi 0.1 inataka mipito 33. Masonara wamezoea kubana kwa kukisia, robo zamu ya skrubu kila mara, na mazoea hayo yana hasara pande mbili. Mwanzoni, kipande kikiwa kinene, kubana kidogo mno hukandamiza ngozi ya juu tu na kuacha katikati haijaguswa. Mwishoni, robo zamu ile ile huwa ni kubana kupita kiasi: silinda huburuta uso wa utepe, na metali ya juu hukatika kwa mlalo badala ya kukandamizwa wima. Ngozi iliyoburutwa hivyo hupata mpangilio tofauti na wa katikati, na ikipashwa moto haizai mchemraba. Dawa ni mafuta na subira. Mafuta mepesi ya cherehani, yapakwe kwa kitambaa hadi ubaki unyevu tu, yanatosha. Unene upimwe kwa maikromita kila baada ya mipito michache, kulia na kushoto, kwa sababu skrubu mbili za rola zikipishana hata kidogo utepe huanza kupinda kama upanga, na utepe uliopinda umekandamizwa zaidi upande mmoja.

Kila mpito ugeuze ncha: iliyotangulia kuingia ifuate nyuma. Hii husawazisha mburuto ili mpangilio usiegemee upande. Lakini usikubali kabisa kipande kizungushwe kwa robo duara ili kipanuke. Masonara hufanya hivyo mara kwa mara wakitaka bamba pana, na kwa bamba ni ujuzi halali. Kwa utepe wa fuwele, kubadili njia ya rola katikati ni kufuta ulichokwisha kukiandika.

Zoea lililotusumbua zaidi ni moto wa katikati. Shaba inayokandamizwa huwa ngumu, mpini huwa mzito, na fundi kwa silika huiwasha tochi kuilainisha kila baada ya mipito minne mitano. Kwa kazi yake yuko sahihi. Bangili isiyolainishwa hupasuka ikikunjwa. Ila kila moto wa katikati huzaa chembe mpya na hesabu ya upunguzaji huanza upya kutoka sifuri. Ukilainisha shaba ikiwa na milimita 0.5, basi kazi iliyobaki hadi 0.1 ni asilimia 80 peke yake, na zile mita za jasho za mwanzo hazikukuletea kitu upande wa mpangilio. Shaba safi haihitaji huruma hiyo. Inavumilia kurolwa kwa zaidi ya asilimia 95 ikiwa baridi bila kupasuka, mradi kingo ni safi. Mwambie fundi kabla hajaanza: "Usiupige moto katikati, hata ukiwa mgumu." Na ujue kwamba mpini utawataka watu wawili pale katikati ya safari, kwani upana wa milimita 50 si mchezo. Karakana hii ilikuwa na kijana wa kusaidia na malipo yake yaliongezwa wazi kwenye bei, bila kificho. Hilo tumelipenda.

Wapo watakaouliza kama nyundo haitoshi. Haitoshi. Nyundo juu ya fuawe hukandamiza kutoka juu na kuiacha metali itawanyike pande zote, kwa hiyo chembe huegemea kwa wima lakini mlalo wake ni wa ovyo. Waya uliovutwa kwenye bamba la matundu una shida ya aina hiyo hiyo: chembe hujipanga kufuata urefu wa waya na kuzunguka kila upande kuuzunguka mhimili huo. Ni rola peke yake, ikienda njia moja, inayoipa metali juu, mbele na upande kwa pamoja.

Baada ya rola, utepe bado haujapangika tunavyotaka. Umejaa msukosuko wa ndani, na mpangilio wake ni wa metali iliyokandamizwa, si wa mchemraba. Mchemraba huzaliwa motoni. Hapa huduma ya karakana inaishia kwetu, na tunashauri mteja asiikubali hatua ya moto pale, kwa sababu tochi ya gesi si chombo chake. Mwali hupiga mahali pamoja, utepe wa milimita 0.1 hupata wekundu kwa kufumba na kufumbua, sehemu moja ikifika nyuzi 800 na nyingine ikiwa 300. Isitoshe, juani rangi ya moto haionekani vizuri. Wekundu hafifu unaoonekana kivulini huwa haupo kabisa machoni pa mtu aliye barazani saa sita mchana.

Kinachofaa ni tanuri lenye kipimo cha joto, la maabara ya shule au la ufinyanzi. Osha utepe kwa sabuni, kisha kwa spiriti, mafuta yasibaki. Uweke umelala, usioviringwa, ndani ya bomba la chuma lililofungwa ncha mbili, pamoja na vipande vya makaa yaliyokwisha kukaushwa motoni. Pandisha hadi nyuzi 600 za Selsiasi, kaa saa moja, kisha acha bomba lipoe lenyewe kabla ya kulifungua. Ukilifungua lingali moto utepe utageuka mweusi mbele ya macho yako. Makaa lazima yawe makavu kweli. Shaba ya kawaida ya umeme ina oksijeni kidogo ndani yake, na makaa mabichi hutoa mvuke ambao kwenye joto hilo huzaa haidrojeni. Haidrojeni hupenya ndani ya shaba, hukutana na oksijeni, hugeuka mvuke, na mvuke huo hupasua mipaka ya chembe. Utepe unaotoka hapo hukatika kama umeungua, ingawa rangi yake ni nzuri. Ukiweza kupata shaba isiyo na oksijeni, tatizo hili halipo.

Usizidishe joto kwa kudhani unaboresha. Kadiri joto linavyopanda ndivyo hatari inavyokua ya chembe chache zenye mwelekeo tofauti kuvimba na kuwameza majirani waliopangika vizuri. Hizo huonekana baadaye kama visiwa vyenye mng'ao tofauti. Pia mipaka ya chembe huchimbika vijifereji, na uso uliokuwa laini huharibika.

Viwandani, nikeli yenye tungsteni hupashwa zaidi ya nyuzi 1,000 ndani ya mchanganyiko wa agoni na haidrojeni kidogo. Inastahili kueleza kwa nini si nikeli tupu. Nikeli tupu hukubali mchemraba kwa urahisi, lakini ni laini mno ikishalainishwa na ni sumaku, na sumaku hupoteza nishati kwenye umeme wa mkondo geu. Wakiongeza tungsteni atomi 5 katika kila 100, ambazo kwa uzani ni karibu asilimia 14, utepe hupata nguvu na usumaku hupungua. Wakiongeza hadi 9 na zaidi usumaku hutoweka kwenye joto la nitrojeni, lakini mpangilio wa mchemraba huwa mgumu kupatikana. Kila tungsteni inayoongezwa huishusha nikeli kuelekea tabia ya metali kama fedha.

Na tabia ya fedha ndiyo hii. Ndani ya fuwele, tabaka za atomi hupangwa kwa zamu maalumu, na zamu hiyo ikikosewa metali hulipa gharama ya nishati. Kwa alumini na nikeli gharama hiyo ni kubwa, kwa shaba ni ya wastani, kwa fedha na shaba ya manjano ni ndogo. Gharama ikiwa ndogo, makosa ya zamu huwa mengi, metali hujikunja kwa njia nyingine chini ya rola, na moto ukija hauzai mchemraba. Kwa hiyo mteja asimlaumu sonara kwa utepe wa fedha usiopangika, na asilipe zaidi kwa ahadi kwamba fedha safi itatoa matokeo bora kuliko shaba. Hata fedha ya 925, yenye shaba asilimia 7.5, haibadilishi hukumu.

Fedha ina heshima yake mahali pengine katika kazi hii. Supakondakta ya bismuthi, ile inayofanya kazi hadi karibu Kelvini 110, hutengenezwa kwa kujaza unga ndani ya mrija wa fedha, mrija ukavutwa mwembamba kwenye matundu, kisha ukapitishwa rola ukawa utepe. Fedha imechaguliwa kwa kuwa haili wala kuharibu unga ule, na oksijeni hupenya ndani yake ukiwa motoni. Chembe za unga ni bapa, na rola huzilaza kifudifudi. Hapo anayepangwa na rola ni kauri yenyewe, na mrija wa fedha ni nguo tu. Kazi ya kuvuta mrija na kuurola, fundi wa Lamu angeielewa kwa kuitazama mara moja.

Turudi kwenye shaba. Utajuaje kwamba imepangika ikiwa huna mashine ya eksirei? Majaribio mawili yanatosha kutenganisha utepe mzuri na mbaya, na yote yafanyike baada ya moto.

La kwanza ni la macho. Chovya kipande kidogo ndani ya feriki kloridi iliyozimuliwa, dawa ile ya kuchonga bodi za saketi, kwa muda mfupi hadi mng'ao wa rola upotee, suuza vizuri, kausha. Vaa glavu, maana doa lake kwenye nguo halitoki. Kisha kiinamishe polepole chini ya taa moja. Asidi hula kila fuwele kufuata nyuso zake, kwa hiyo zikiwa zimeelekea upande mmoja, eneo zima huwaka pamoja na kuzimika pamoja. Zisipopangika, utaona vimulimuli vimetapakaa, kila chembe ikiwaka kwa pembe yake. Visiwa vinavyokataa kuwaka na wenzao ndivyo vile vilivyomeza majirani.

La pili linatoa namba, nasi tunalipenda zaidi. Shaba haina ukakamavu mmoja, yaani uwezo wa kukataa kupinda. Kufuata ukingo wa mchemraba, fuwele yake ina ukakamavu wa gigapaskali 67 hivi, na kufuata mshazari wa uso wa mchemraba ni 130. Kwa hiyo utepe uliopangika kimchemraba hupinda karibu mara mbili zaidi ukikatwa kufuata njia ya rola kuliko ukikatwa kwa digrii 45. Kata vipande viwili vya upana wa milimita 5, kimoja kwa kila mwelekeo, kutoka sehemu zinazokaribiana. Ndiyo sababu tulitaka upana wa milimita 50: hata kingo zikishakatwa milimita 3 kila upande, kwa mshazari utapata urefu wa milimita 57 hivi, unaotosha. Bana kila kipande mezani kikitokeza milimita 40, soma urefu wa ncha, kisha tundika nusu gramu nchani na usome tena. Milimita 71 za waya wa shaba wenye kipenyo cha milimita 1 zina uzito wa nusu gramu, na mizani ya sonara itakuhakikishia. Kwa unene wa milimita 0.1, kipande cha njia ya rola kinapaswa kushuka karibu milimita 3.7, na cha mshazari karibu 1.9. Vikishuka karibu sawa, utepe haukupangika. Usitundike zaidi ya nusu gramu, maana shaba iliyolainishwa itabaki imepinda na usomaji utakuwa wa uongo. Pima unene wa vipande vyote viwili kwanza. Tofauti ya asilimia 5 ya unene hubadilisha mshuko kwa takriban asilimia 15.

Majaribio haya hayatoi digrii. Hayawezi kukwambia kama chembe zinapishana kwa 5 au kwa 9, na kwa supakondakta tofauti hiyo ni kubwa. Lakini yanamtenganisha aliyefuata masharti na asiyeyafuata, na mwanafunzi anaona kwa mkono wake kwamba mwelekeo wa fuwele ni kitu halisi. Isidhaniwe pia kwamba utepe huu wa Lamu unaweza kupelekwa moja kwa moja kuoteshewa kauri. Oksidi ya itriamu huoteshwa kwenye joto la nyuzi 700 na zaidi penye oksijeni, na shaba tupu ingeoza papo hapo. Hata nikeli yenye tungsteni hufunikwa kwanza na tabaka za oksidi za kukinga, kwa kawaida za itria, zirkonia na seria.

Upande wa biashara, karakana hii hutoza kwa kazi, si kwa uzito, na bei husemwa kabla ya kuanza. Kupatana kunaruhusiwa, ila anayetaka mipito 33 yenye vipimo asitegemee bei ya mtu aliyekuja kubanwa kipande cha hereni. Nenda asubuhi, wakati oda za pete hazijabana. Peleka maikromita yako, kwa kuwa ya pale ni vernia ya kusoma milimita 0.05, na hiyo kwa utepe wa milimita 0.1 ni nusu ya unene mzima. Andika kwenye karatasi unene wa kila mpito na umwachie fundi nakala. Alituomba nakala mwenyewe, akataka kujua kwa nini shaba isiyopigwa moto haikupasuka, na mazungumzo hayo yalikuwa sehemu bora ya huduma nzima.

Chukua utepe ukiwa bado mgumu kutoka rolani. Hali hiyo inavumilia safari ya boti hadi Mokowe na basi la Malindi bila kukunjika. Uliokwisha kulainishwa hukunjika kwa kidole tu, na kila mkunjo ni mstari wa fuwele zilizogeuzwa. Uviringe kwenye kopo lenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi, karatasi kavu katikati ya kila duru, kisha mfuko wa plastiki uliofungwa, maana tone moja la maji ya bahari huacha doa la kijani. Kabla ya kuuweka tanurini, kata milimita 3 kila upande utupe. Kingo hutanuka kwa namna yake chini ya rola, na mpangilio wake daima ni dhaifu kuliko wa katikati.